Kitako cha bunduki ya zamani: upake kitani, tung, mafuta mchanganyiko, shelaki au poliyurethani?

Una bunduki ya zamani, chuma bado kizima lakini kitako kimechoka, kimekuwa cheusi pale mkono unaposhika, kina mibonyeo kila sehemu, vanishi inabanduka, na kila ukiuliza mtu upake nini unapata jibu jipya. Mmoja anakwambia mafuta ya kitani basi, mwingine anamcheka anasema hayo ni ya enzi za babu, paka poliyurethani usahau, wa tatu anaapa kwa mafuta ya tung. Wote wana hoja, ila kila mmoja anaongelea bunduki yake na anavyoitumia yeye. Kwa hiyo hapa nazipanga zote tano, yaani mafuta ya kitani, mafuta ya tung, mafuta mchanganyiko, shelaki na vanishi ya poliyurethani, nazipima kwa vigezo vilevile, afu wewe utaona yako inaangukia wapi.

Kabla ya yote: je, uiguse kweli?

Kama ni bunduki ya jeshi na kwenye mbao bado kuna mihuri ya wakaguzi au namba zilizogongwa, tulia kwanza. Msasa ukishapita pale hairudi tena, na wanaokusanya bunduki za zamani wanalipia rangi ya asili hata ikiwa imechakaa kuliko kitako kinachong'aa kama meza ya sebuleni. Mara nyingi inatosha kufuta uchafu kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kuacha ikauke, na kupaka nta. Hiyo nayo ni chaguo, tena kwa bunduki yenye historia naiweka mbele ya mengine yote, manake hamna kitu umeharibu.

Kama umeamua unaendelea, toa risasi, fungua chemba uangalie kwa macho na uguse kwa kidole, risasi zote zikae chumba kingine. Tenganisha mbao na chuma. Chuma kifungiwe panapotakiwa na sheria ya leseni yako, mezani kibaki kitako peke yake. Na kama skrubu zimeshikwa na kutu au hujawahi kuifungua hiyo bunduki, mpelekee fundi bunduki mwenye kibali akufungulie, usianze kulazimisha na bisibisi isiyotosha ukaishia kuzila vichwa.

Vigezo ninavyotumia

Kwanza kazi na muda: kupaka kunahitaji ustadi gani na unasubiri kiasi gani. Pili maji na jasho: mvua, umande, mkono wenye jasho. Tatu muonekano. Nne kurekebisha, yaani siku ikikwaruzwa unaifanyaje. Tano kama inaendana na bunduki yenyewe ilivyotoka kiwandani.

Kwangu mimi cha nne ndicho kizito, na watu wengi hawakiangalii kabisa. Kitako kitagongwa tu, kitaegemezwa ukutani, kitaanguka garini. Swali la maana ni utafanyaje baada ya kugongwa, siyo kinang'aa kiasi gani siku ya kwanza. Lakini bunduki inayolala kabatini mwaka mzima haina tatizo hilo, na mwenye nayo ana haki ya kuweka uzuri mbele.

Maandalizi ni yaleyale kwa zote

Hapa ndipo kazi ilipo, asilimia kubwa ya vitako vibaya ninavyoviona vimeharibikia kwenye maandalizi, kupaka hakukuwa na kosa.

Jua kwanza kilichopakwa zamani. Fungua bamba la nyuma ya kitako, pale ndani pasipoonekana gusa kwa pamba yenye spiriti. Ikianza kunata na kulainika, hiyo ni shelaki. Spiriti isipofanya kitu jaribu thina ya rangi za magari, ikilainika basi ni laka, aina nyingine ya vanishi. Vyote viwili vikishindwa una mafuta yaliyokauka au vanishi ngumu. Ondoa kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi, siyo kwa msasa. Dawa inatoa kilichopakwa inaacha mbao, msasa unatoa vyote viwili. Vaa glavu, fanyia nje kwenye hewa. Kwenye michoro ya miraba ya kushikia tumia mswaki wa zamani na taratibu, pale usipitishe msasa kabisa.

Mbao nyeusi iliyokunywa mafuta ya bunduki kwa miaka mingi, hasa pale nyuma ya chemba, inabidi uyatoe hayo mafuta. Wanapaka chaki ya unga iliyokorogwa na thina ikawa uji, wanaweka juani au wanapitishia joto la hewa, mafuta yanapanda yanaingia kwenye chaki, unaikung'uta unarudia. Mpaka chaki itoke nyeupe. Ukiruka hatua hii hakuna utakachopaka kikashika vizuri pale, na poliyurethani ndiyo itakuaibisha zaidi.

Mibonyeo usiisage. Lowanisha kitambaa cha pamba, kikamue, kiweke juu ya mbonyeo, gusisha ncha ya pasi ya moto sekunde chache. Utasikia "tsss", mvuke unaingia kwenye nyuzi zilizolala zinavimba na kunyanyuka. Ondoa, angalia, rudia. Mbonyeo wa kina kama kucha unaweza kupotea kabisa kwa mtindo huo, ila nyuzi zikiwa zimekatika kabisa haziwezi kunyanyuka, hapo kubali alama ibaki. Kitako cha mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, kama vile vingi vya Mauser 98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani, vya wakati wa Vita Kuu ya Pili, nenda kwa tahadhari, usiloweshe gundi kupita kiasi.

Msasa ni wa mwisho na kidogo tu: namba 180 kama kuna haja, afu 220, afu 320, muda wote kufuata nyuzi, na uwe umezungushia kipande cha mbao au raba ili usitengeneze mabonde kwa vidole. Sehemu mbao inapokutana na chuma, ziache. Mbao ikishuka chini ya usawa wa chuma hata kidogo tu kila mtu ataona kwamba imeguswa. Kisha lowanisha kitako kwa kitambaa chenye maji, kikikauka nyuzi zitasimama kama ndevu za siku mbili, zipitishie 320 kwa wepesi. Rudia mpaka zisisimame tena.

Halafu kitu ambacho wengi wanasahau: ndani. Mfereji wa mtutu, sehemu inapokaa chemba, na ncha iliyokatwa chini ya bamba la nyuma, huko ndiko mbao inakunywa maji haraka kuliko upande wa nje. Paka na huko, ila tabaka jembamba, manake ukijaza humo vanishi nene chuma hakitakaa kama kilivyokaa na mbao zitausukuma mtutu pembeni, shabaha inabadilika hapohapo.

1. Mafuta ya kitani

Yanakamuliwa kwenye mbegu za kitani, na yapo ya aina mbili. Mabichi yanachukua siku kadhaa hadi wiki kukauka. Yanayoitwa ya kuchemshwa kwa kweli siku hizi hayachemshwi, yametiwa dawa za madini zinazoharakisha kukauka, kwa hiyo tabaka jembamba linakauka kwa siku moja au zaidi kidogo.

Kazi: rahisi kuliko zote. Unasugua kwa kiganja mpaka mbao ipate joto, unaacha kama nusu saa, unafuta kila tone lililobaki juu. Hilo la kufuta ndilo sharti, ukiacha mengi juu unapata utelezi unaonata ambao hauishi hata baada ya wiki mbili. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa bunduki: mara moja kwa siku kwa wiki, mara moja kwa wiki kwa mwezi, mara moja kwa mwezi kwa mwaka, afu mara moja kwa mwaka maisha yote. Wanaoifuata mpaka mwisho ni wachache, ila inakuonyesha hii ni kazi isiyokwisha.

Maji: hapa ndipo dhaifu. Maji yanapita polepole, na kwenye unyevu mwingi mafuta mabichi ya kitani yanaweza kuota ukungu.

Muonekano: rangi ya joto, ya asali, na inazidi kuwa nyeusi kadiri miaka inavyoenda. Kwenye walnati, mbao ya kahawia inayotumika sana kwenye vitako, ni nzuri sana. Kwenye mbao nyeupe inaweza kuonekana manjano.

Kurekebisha: mkwaruzo unasugua mafuta palepale, basi. Hamna kubandua.

Historia: bunduki za Lee-Enfield za Uingereza zilitunzwa kwa mafuta haya, na askari aliyapaka mwenyewe kama sehemu ya kazi zake. Kama una moja ya hizo, huwezi kusema umekosea.

2. Mafuta ya tung

Haya yanatoka kwenye mbegu za mti wa asili ya China. Angalia sana unaponunua: chupa nyingi zimeandikwa tung lakini ndani ni vanishi iliyoyeyushwa, inaweza isiwe na tung hata tone. Unataka iliyoandikwa ni tung halisi asilimia 100.

Kazi: si ngumu, inataka subira tu. Tabaka la kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili liingie ndani, yanayofuata unapunguza tapentaini, matabaka matano au sita, na kati ya moja na lingine siku mbili tatu. Kukomaa kabisa ni kama mwezi. Ukikimbiza, ukapaka nene au juu ya tabaka ambalo halijakauka, linakunjamana au linatoa weupe kama ukungu, na hapo unarudi kusugua.

Maji: inaishinda kitani wazi, ingawa siyo kizuizi kamili.

Muonekano: imefifia, haing'ai, mbao inabaki mbao. Haigeuki manjano haraka kama kitani.

Kurekebisha: rahisi karibu sawa na kitani, tofauti tu ni kwamba unasubiri zaidi.

Historia: M1 Garand ya Marekani, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1936, ilianza na kitani, baadaye wakahamia tung. Kwa hiyo kwa Garand zote mbili zina haki.

3. Mafuta mchanganyiko

Hapa naweka yale yanayouzwa tayari kwa ajili ya vitako, kama Tru-Oil, pamoja na yale ya kuchanganya mafuta, vanishi na thina. Yako katikati: yanaingia kwenye mbao kama mafuta halafu yanajenga ngozi nyembamba juu kama vanishi.

Kazi: yanakauka haraka, Tru-Oil unaweza kurudia baada ya saa chache hewa ikiwa kavu. Unapaka kwa kidole, matone mawili matatu unayavuta mpaka yaishe, jembamba kuliko unavyodhani inatosha. Adui ni vumbi na pupa. Chumba kikiwa na vumbi utakuwa na kitako chenye chunusi. Ukitaka vitundu vya walnati vijae, sugua kwa msasa mlaini wakati mafuta bado majimaji, ule unga wa mbao unachanganyika na mafuta unaziba vitundu vyenyewe kwa rangi ileile, na hiyo ni mojawapo ya raha za kazi hii.

Maji: vizuri. Siyo kama poliyurethani, lakini mvua ya kawaida ukifuta mapema haileti shida.

Muonekano: unachagua. Matabaka mengi yanang'aa sana, wengine wanapenda, wengine wanaona ni ya kujionyesha. Ukitaka upunguze, pamba ya chuma laini kabisa ya namba 0000 na nta kidogo, kitako kinatulia.

Kurekebisha: inawezekana. Unasugua pale palipokwaruzwa unapaka tena, ila kuunganisha mng'ao mpya na wa zamani kunataka jicho.

Historia: ni kitu cha bunduki za kuwindia na za shabaha. Kwenye bunduki ya jeshi, iking'aa, inaonekana imevaa suti ya kuazima.

4. Shelaki

Utomvu wa mdudu anayekaa kwenye miti, India na Thailand, unayeyushwa kwenye spiriti. Inakauka kwa dakika chache, kwa hiyo siku moja unaweza kuweka matabaka mengi. Lakini huo uharaka ndio unaotesa wasiozoea: ukirudisha brashi palipoanza kukauka inabaki alama. Bora kutumia kitambaa kilichokunjwa, mkono usisimame. Na uikoroge kidogo kidogo, ikikaa kwenye chupa miezi mingi inakataa kukauka.

Kwa maji na jasho ndiyo ya mwisho kwenye orodha yangu. Maji yakikaa inatoa doa jeupe, spiriti inaiyeyusha, na baadhi ya dawa za kusafishia mtutu nazo, tone moja likidondoka kwenye mbao unaliona. Joto pia hailipendi.

Ila muonekano wake, jamani, una kina ambacho vingine havina, na kurekebisha ni rahisi ajabu kwa sababu tabaka jipya linayeyuka ndani ya la zamani, mstari hauonekani. Historia nayo ipo: bunduki nyingi za jeshi la Urusi za Mosin-Nagant zilizokarabatiwa Usovieti baada ya Vita Kuu ya Pili zimepakwa shelaki ile ya wekundu wekundu. Anayetaka kurudisha moja ya hizo asipake kitu kingine. Na hata kama hutaki shelaki iwe ya mwisho, ile iliyotolewa nta ni nzuri kuwa tabaka la chini, inashikana na karibu kila kitu.

5. Vanishi ya poliyurethani

Kazi: matabaka mawili matatu, kati yake unapitisha msasa 320, kesho kutwa umemaliza. Inataka mbao safi kabisa isiyo na mafuta, kitako cha zamani kilichokunywa mafuta miaka 50 kitakusumbua, itabanduka kama ngozi ya kuungua jua.

Maji: hamna inayoishinda kati ya hizi tano. Kama bunduki inaenda porini kwenye mvua na matope, hapa ndipo hoja yake ilipo, na ni hoja ya kweli.

Muonekano: ile inayong'aa ina sura ya plastiki. Ya mati, yaani isiyong'aa, ni afadhali sana, na ukiipaka kwa kitambaa matabaka membamba badala ya brashi watu wengi hawatagundua.

Kurekebisha: hapa inalipa deni. Mkwaruzo ukifika kwenye mbao maji yanaingia chini ya ile ngozi, weupe unaenea, na kuweka kiraka bila alama ni ngumu, mara nyingi unabandua kitako kizima unaanza upya.

Historia: haina. Kama bunduki ni ya kisasa au kitako kilishabadilishwa, si kitu.

Jambo moja la usalama la kutoruka

Kitani, tung na mafuta mchanganyiko vyote vinakauka kwa kuvuta oksijeni, na tendo hilo linatoa joto. Tambara lililolowa ukilikunja ukalitupa kwenye pipa, joto halina pa kutokea, linapanda mpaka tambara linawaka lenyewe bila kiberiti. Siyo hadithi za kutishana, nyumba zinaungua hivyo. Tandaza matambara moja moja nje mpaka yakauke yawe magumu, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

Sasa yako ni ipi?

Bunduki ya jeshi ambayo haijaguswa, mihuri ipo: safisha, nta, ishia hapo. Kama ilishaguswa na mtu kabla yako na unataka kuirudisha karibu na asili, fuata iliyotoka nayo: Lee-Enfield kitani, Garand kitani au tung, Mosin iliyokarabatiwa shelaki.

Unawinda nayo, mvua inakunyeshea, na wewe si mtu wa kukaa unasugua mbao jioni: poliyurethani ya mati kama mbao ni safi haina mafuta. Kama mbao imekunywa mafuta na chaki imeshindwa kuyamaliza, mafuta mchanganyiko yatakupa sehemu kubwa ya kinga hiyo bila kubanduka.

Unawinda nayo lakini huoni shida kuihudumia mara moja kwa mwaka: tung, au mchanganyiko ukitaka umalize ndani ya wiki.

Ni mara yako ya kwanza na unaogopa kuharibu: kitani ya kuchemshwa, manake ukikosea unafuta, unasubiri, unaendelea. Unyevu ukiwa mwingi unapoishi, anza na tung badala yake na ujipe mwezi mzima.

Bunduki ya marehemu babu inayokaa kabatini, inatolewa kuonyeshwa wageni: shelaki kama una mkono wa utulivu, au matabaka mengi ya mafuta mchanganyiko yaliyopunguzwa mng'ao. Usiisafishie mtutu ikiwa na kitako chake cha shelaki bila kuzungushia kitambaa.

Na kama hujaamua bado, toa bamba la nyuma, pale ndani paka kidogo kidogo aina mbili unazozitilia shaka, zikauke, dondoshea kila moja tone la maji uliache dakika kumi. Tone likisimama au likizama utaona mwenyewe. Ukishaamua na kumaliza kazi, bunduki ihifadhi mtutu ukiangalia chini au imelala, mafuta ya chuma yasishuke tena kwenye hiyo mbao uliyohangaika kuisafisha.